Mpwa wa wafalme wawili aliyeamua kwenda kuajiriwa kwenye opera

Wapenzi wa mpira wa zamani mnajua 1966 England walibeba Kombe la Dunia pale Wembley, mnamjua Bobby Moore, mnamjua Hurst na magoli yake matatu, na wale wa stori za kijiweni mnamjua mpaka yule mbwa Pickles aliyelinusa kombe likiwa limefungwa kwenye gazeti baada ya wezi kuondoka nalo. Sasa swali, rais wa FA, chama cha mpira cha England, kipindi hicho alikuwa nani? Mi nilikuwa sijui, nilikuwa natafuta mambo ya Leeds United ya Don Revie nikakutana na jina Lord Harewood, rais wa FA kuanzia 1963 mpaka 1972 na rais wa Leeds tangu 1961 mpaka anakufa, nikasema haya huyu ni mdosi wa mpira. Kumbe wapi. Mpira ulikuwa mapenzi yake ya pembeni, kazi yake hasa, ile ya kuamka asubuhi kwenda ofisini na kupokea mshahara, ilikuwa opera, yani ile michezo ya jukwaani ambayo hadithi inaimbwa. Na juu ya hayo yote mama yake alikuwa binti wa mfalme.

Hapo ndo nikachanganyikiwa, maana sielewi mtu anakuwaje mjukuu wa mfalme lakini sio mwanamfalme, anakuwaje lodi lakini ameajiriwa, na anahitajije ruhusa ya baraza la mawaziri ili aoe. Nimekaa nayo hii stori muda mrefu sasa, wacha niifungue kidogo kidogo.

Tuanze na undugu. Mfalme George V wa Uingereza alikuwa na watoto sita, wa kiume watano na binti mmoja tu, Mary. Mary akaolewa 1922 na Henry Lascelles, mrithi wa lodi mmoja tajiri wa Yorkshire, na tarehe 7 Februari 1923 akazaliwa George Lascelles ambaye ndo mtu wetu. Kwa Kiswahili hii hesabu ni nyepesi kuliko kwa lugha yao wenyewe, maana sisi tuna mjomba na tuna baba mdogo na hatuchanganyi, wao wote hao wanawaita jina moja. Kwahiyo George V ni babu mzaa mama. Edward VIII, yule aliyeacha ufalme 1936 kwa ajili ya mwanamke, ni mjomba wake. George VI aliyepokea kijiti ni mjomba wake vilevile. Malkia Elizabeth II ni binti wa mjomba wake, yani ndugu wa karibu kabisa, wamecheza pamoja utotoni.

Sasa kwanini hakuitwa mwanamfalme? Kwasababu babu yake mwenyewe mwaka 1917 aliweka utaratibu kwamba kwa wajukuu hadhi hiyo inapitia kwa watoto wa kiume wa mfalme, binti akiolewa watoto wake ni wa ukoo wa baba yao, jambo ambalo msomaji wa huku hata halihitaji maelezo. Ila foleni ya kurithi kiti ni kitu kingine, foleni inahesabu mpaka upande wa mama, kwahiyo siku anazaliwa alikuwa namba sita, mbele yake wajomba wanne, mama yake, alafu yeye. Namba sita kwenye foleni ya ufalme halafu huna hata jina la mwanamfalme! Hiyo namba sita ishikilie, tutairudia.

Cheo alichokuja kuwa nacho alikitoa kwa baba. Baba yake alikuwa Earl wa sita wa Harewood, na Earl ni daraja la kati kwenye ulodi wa Kiingereza, juu yake kuna Duke na Marquess, chini kuna Viscount na Baron. Mzee akafariki Mei 1947 George akawa Earl wa saba akiwa na miaka 24, na pamoja na cheo akarithi jumba la Harewood House karibu na Leeds, lile limejengwa kuanzia 1759, na kwa pamoja akarithi bili ya kodi ya mirathi ambayo ilimlazimu auze sehemu kubwa ya ardhi. Na 1971 akaipeleka mnadani picha moja ya Titian iliyoenda kwa takriban pauni milioni 1.7. Kwahiyo ukisikia lodi usifikirie mtu amelalia hela, mara nyingi amelalia paa linalovuja.

Na hela ya kulijenga hilo jumba ilitoka wapi? Sukari ya Barbados, biashara ya watumwa na mikopo kwa wenye mashamba. Utumwa ulipofutwa kwenye makoloni ya Waingereza, serikali ililipa fidia, na waliolipwa ni wenye watumwa, watumwa wenyewe hawakupata hata senti. Earl wa wakati huo alilipwa zaidi ya pauni 26,000 kwa watu zaidi ya 1,200 waliokuwa kwenye mashamba yake. Nalitaja hili mapema kwasababu stori za watu wa tabaka hili zina kawaida ya kuanzia kwenye dari zilizochorwa dhahabu bila kuuliza dhahabu ilipandwa wapi.

Turudi kwa kijana. Akasoma shule ya Eton kama watoto wenzake wa wakubwa, akaingia jeshini Grenadier Guards, na Juni 1944 huko Italia karibu na Perugia akapigwa risasi na kutekwa na Wajerumani. Wajerumani walipojua huyu ni mpwa wa mfalme wakamuweka kwenye kundi maalumu, mateka wa thamani, pale ngome ya Colditz, pamoja na mpwa wa mke wa Churchill na watoto wengine wa wakubwa. Sio kwamba waliwapenda, walikuwa ni kadi za mwisho za kuchezea. Machi 1945 Hitler akasaini amri George auawe, na aliyemuokoa ni jenerali mmoja wa SS, lile jeshi la chama cha Hitler, Gottlob Berger, ambaye aliona vita imeshaisha na akapima mwenyewe nini kitamsaidia kesho yake, akawakabidhi mateka kwa Waswisi badala ya kuwapiga risasi.

Ila kitu ninachokipenda kwenye hiyo stori ya jela ni kidogo sana. Muda aliokuwa mateka alikuwa na kamusi kubwa ya muziki ya Grove, ile yenye mijuzuu, na akawa anaisoma kwa mpangilio kama mtu anavyosoma riwaya, anaanzia A anaendelea, mtunzi baada ya mtunzi, ala baada ya ala. Vita ikaisha kabla hajafika Z. Mtu ana miaka 22, anaweza kuuawa wiki yoyote, na anachofanya ni kusoma kuhusu filimbi.

Familia ilikuwa haielewi huo muziki umetoka wapi. Inasimuliwa kwamba mjomba Edward, yule aliyeacha kiti, aliwahi kushangaa kwamba jambo la George na muziki ni la ajabu sana, maana wazazi wake walikuwa watu wa kawaida kabisa, wanapenda farasi na mbwa na shamba. Nacheka kila nikiikumbuka, kawaida kwa huyo mzee ndo hiyo.

Baada ya vita akaenda Cambridge, na badala ya kukaa kusubiri sherehe za kukata utepe, 1950 akaanzisha jarida linaloitwa Opera na akawa mhariri wake mpaka 1953. Jarida lipo mpaka leo. Kisha akaenda Covent Garden, nyumba kubwa ya opera ya London, akakaa kwenye bodi na baadae akawa mfanyakazi wa ofisini mpaka 1960, akipanga misimu na mikataba ya waimbaji. Hapohapo akachukua kazi ya kuhariri kitabu cha Kobbé, ambacho ni kama biblia ya wapenzi wa opera, kinaelezea kila opera inahusu nini. Kobbé mwenyewe alikuwa Mmarekani, alikufa 1918 akiwa kwenye mashua yake karibu na Long Island ndege ya baharini ikatua juu yake, sijui kama kuna mwandishi wa muziki aliyewahi kupata kifo cha ajabu namna ile, na kitabu kikatoka mwaka uliofuata. Toleo la kwanza la Harewood lilitoka 1954 na akaendelea kulifanyia kazi mpaka lile la 1997. Miaka 40 na zaidi anaandika nani anamuua nani kwenye tendo la tatu.

Sasa kile kipindi ambacho undugu na kazi vilikutana waziwazi ni 1953. Mwaka uliotangulia Harewood alikuwa likizo ya kuteleza kwenye theluji Austria na rafiki yake Benjamin Britten, mtunzi mkubwa wa Uingereza wakati ule, wakaanza kubishana kila taifa lina opera yake ya kitaifa, Waingereza wana ipi? Likaja wazo la opera kuhusu Malkia Elizabeth wa kwanza na Essex, lodi aliyekuwa kipenzi chake, na kwa vile binti wa mjomba alikuwa ndo kwanza ameingia kwenye kiti na atatawazwa, Harewood akaenda kuomba baraka ikulu. Ikakubaliwa. Opera ikaitwa Gloriana na ikafunguliwa tarehe 8 Juni 1953 Covent Garden, siku sita baada ya kutawazwa, malkia mwenyewe amekaa, mabalozi, mawaziri, wanawake wamevaa vito na glavu.

Ikabuma. Yani ikabuma ile ya kimyakimya, maana ukipiga makofi umevaa glavu hamna sauti. Na ukiangalia walichoonyeshwa unaelewa. Tendo la tatu, asubuhi, Essex anaingia kwa nguvu chumbani kwa malkia kabla hajavaa, na anamkuta mwanamke mzee, hana wigi, nywele chache za mvi, anajiangalia kwenye kioo. Malkia mpya ana miaka 27 amekaa pale anatizama malkia mzee mwenye jina lake ambaye hana nywele. Kama opera mi naona ni sehemu nzuri kuliko zote, kama zawadi ya sherehe, jamani. Wageni wengi wa siku ile hata hawakuwa watu wa opera, walialikwa kwa vyeo. Miaka 13 baadae kampuni ya Sadler's Wells ikaionyesha tena kwa watu waliokata tiketi kwa hela zao na ikapendwa.

Hiyo kampuni ya Sadler's Wells ndo tutafika, ila kwanza ndoa.

Harewood alioa 1949 Marion Stein, mpiga piano, binti wa familia ya Kiyahudi iliyokimbia Vienna, baba yake alikuwa anafanya kazi kwenye kampuni iliyochapisha nyimbo za Britten. Wakapata wavulana watatu. Baadae akakutana na Patricia Tuckwell, mpiga violini wa Australia, na 1964 wakapata mtoto wakati ndoa ya kwanza bado haijavunjwa. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni aibu ya familia na wiki mbili za maneno. Kwake ilikuwa suala la kisheria, kwasababu ya sheria ya mwaka 1772 ambayo mfalme George III aliitunga baada ya kukasirishwa na ndugu yake aliyeoa bila kuuliza mtu. Sheria ilisema mzao wa mfalme George II hawezi kuoa bila ridhaa ya mfalme aliyeko madarakani, na ukioa bila ridhaa ndoa hiyo kisheria hamna kitu. Harewood ni mzao. Na malkia ni mkuu wa Kanisa la Uingereza ambalo enzi hizo lilikuwa halitaki kusikia habari ya mtaliki kuoa tena.

Malkia angefanyaje? Angekataa anaonekana anamzuia binamu yake asioe, angekubali anaonekana anabariki talaka. Wakatoka kwa mlango wa katiba: waziri mkuu Harold Wilson na baraza lake wakamshauri atoe ridhaa, na malkia akisha kushauriwa na serikali anafuata, kwahiyo lawama ikaangukia serikali na sio yeye. Wakafunga ndoa Julai 1967 Connecticut, Marekani. Lakini bei aliilipa, alijiuzulu ukuu wa Chuo Kikuu cha York, akaachia urais wa tamasha la Aldeburgh la Britten, na Britten ambaye alikuwa rafiki wa Marion akamkata moja kwa moja, urafiki wa miaka ishirini ukaisha hivyo. Ikulu nayo ikampotezea kwa miaka kadhaa. Hiyo sheria yenyewe ilikuja kufutwa na sheria mpya ya 2013, na siku hizi wanaotakiwa kuomba ruhusa ni watu sita tu wa kwanza kwenye foleni. Sita! Ile namba aliyozaliwa nayo.

Haya, sasa kazi. London ina nyumba mbili kubwa za opera na mtu asiyejua anauliza za nini mbili. Covent Garden wanaimba kwa lugha ya asili, Kiitaliano, Kijerumani, Kifaransa, wanaleta mastaa wa dunia, tiketi imechangamka. Nyingine ilianza kama Sadler's Wells, mama mmoja aliyeitwa Lilian Baylis aliianzisha kwa imani kwamba mfanyakazi wa kawaida ana haki ya kusikia opera kwa bei anayoiweza na kwa Kiingereza chake. 1968 ikahamia jumba la Coliseum lenye viti zaidi ya 2,300, na 1972 Harewood akawa mkurugenzi mkuu wake. 1974 ikabadilishwa jina ikawa English National Opera. Akakaa mpaka 1985, alafu akawa mwenyekiti mpaka 1995.

Angalia hiyo: mjukuu wa mfalme, na kati ya nyumba mbili miaka yake mirefu zaidi ameipa ile ya watu wa kawaida. Sisemi alikuwa mjamaa, jumba lake lilikuwa palepale. Ila alikuwa anaamini hoja ya lugha na aliitetea mpaka mwisho.

Na hoja yenyewe sio nyepesi. Opera ni mtu anaimba bila maiki juu ya okestra ya watu sabini, na kondakta (sio wa daladala, yule wa kijiti) anajaribu kuwaweka pamoja. Ukitafsiri maneno, noti hazibadiliki, kwahiyo kila silabi mpya lazima ikae kwenye noti ya zamani, mkazo wa neno uangukie kwenye mkazo wa muziki, na ile noti ya juu kabisa ipate irabu inayofunguka. Jaribu mwenyewe hapo ulipo, panda juu kabisa na neno "mama", alafu panda na neno "usiku" kwenye ile "ku" ya mwisho. Umeona koo linavyojibana? Kiitaliano kimejaa maneno yanayoishia na irabu kama Kiswahili chetu, Kiingereza kimejaa maneno yanayojifunga kwa konsonanti kama mlango. Ndo maana wapinzani wanasema unaharibu muziki. Na upande wa pili wanasema Verdi, yule mtunzi wa opera wa Kiitaliano, hakuandika ili watu wakae masaa matatu hawajui kinachoendelea, aliandika kwa watu waliokuwa wanaelewa kila neno.

Kwa watu wa pwani huu ubishi haupaswi kuwa mgeni. Taarabu ilipokuwa ya ikulu ya Sultani Zanzibar iliimbwa Kiarabu na waliokuwa wanasikiliza wengi wanatikisa kichwa tu, akaja Siti binti Saad anaimba Kiswahili, rekodi zake za 1928 kule Bombay zikauzwa mwambao mzima. Watu walitaka kujua anasemwa nani.

Kwenye utawala wa Harewood pale Coliseum waliimba Ring ya Mjerumani Wagner yote kwa Kiingereza mwaka 1973, opera nne, zaidi ya masaa 15 chini ya kondakta Reginald Goodall ambaye hakuwa na haraka na maisha. Waliingiza sana Janáček, mtunzi Mcheki ambaye Waingereza walikuwa wanamjua kwa mbali. 1982 wakaweka Rigoletto ya Verdi iliyoongozwa na Jonathan Miller ambapo yule mtawala malaya wa Italia amegeuzwa bosi wa mafia New York miaka ya 50, na ule wimbo maarufu kuliko yote kuhusu wanawake kubadilika anauanzisha kwa kutia sarafu kwenye jukiboksi ya baa. Wimbo ambao kila mtu anaujua, unatoka kwenye mashine ambayo kila mtu anaijua, na unaimbwa kwa lugha ya mtaani kwao. Hiyo ikaonyeshwa tena na tena miaka mingi.

Kingine alichofanya, na kwangu hiki ndo kikubwa, ni Leeds. Ruzuku ya serikali kwa sanaa ilikuwa inamezwa na London kama kawaida, kama ilivyo huku kila kitu kuishia mji mkubwa. Mwaka 1978 kampuni yake ikazaa mtoto kaskazini, wakafungua Novemba pale Grand Theatre ya Leeds, jumba ambalo lilikuwa linatimiza miaka 100, na 1981 mtoto akajitegemea kabisa, ndo Opera North ya leo. Leeds ile ya mpira na viwanda vya nguo ikapata okestra yake na kwaya yake ya kuajiriwa. Na rais wa klabu ya mpira ya mjini ni mtu yuleyule.

Kuna mengine nayapita haraka: aliendesha tamasha la Edinburgh 1961 mpaka 1965 na akamleta mtunzi wa Kirusi Shostakovich mwenyewe 1962, akaleta muziki wa Kihindi 1963 kina Ravi Shankar kabla Beatles hawajamjua, akawa rais wa bodi ya kukagua filamu kuanzia 1985. 1968 alimhoji mwimbaji wa opera Maria Callas kwa ajili ya BBC huko Paris, na ukiiangalia unaona mtu anayeuliza swali fupi alafu ananyamaza kweli, Callas anajimwaga. Watangazaji wetu wangejifunza hapo.

Alifariki tarehe 11 Julai 2011 palepale Harewood House, miaka 88. Lakini miaka sita kabla, 2005, ile nyumba ya Coliseum ilifanya kitu ambacho kilikuwa kimepigiwa kelele muda mrefu, ikaweka kile kibao cha maandishi juu ya jukwaa, maneno yanapita wakati mwimbaji anaimba. Kwahiyo sasa mtu anaimba Kiingereza, mbele ya Waingereza, na juu ya kichwa chake pameandikwa Kiingereza hichohicho, kwasababu watu walilalamika hawasikii maneno. Ile "ku" ya usiku imewashinda.